Somo la Kompyuta Lililoanza kwa Chaki

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida letu wakashangaa kumwona mwalimu wa lugha akiandika juu ya kompyuta. Desturi yetu katika kurasa hizi ni kuzungumzia ushairi, methali, sarufi na historia ya lugha, na mambo ya mitambo tumezoea kuwaachia wenzetu wa sayansi. Lakini kuhusu somo la kompyuta katika vidato vya mwisho vya sekondari, iko habari moja ya kihistoria ambayo naamini yatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Ni habari ya nchi kubwa iliyoamua, mwaka 1985, kuwafundisha vijana wake wote somo hilo kabla ya kuwa na mashine za kuwatosha, na kwa hiyo ikalifundisha kwa chaki, ubao na lugha ambayo mwanafunzi aliizoea darasani.

Kilichonifanya niitafute habari hiyo ni mkutano wa walimu katika shule nifundishayo hapa Uganda. Itakumbukwa kwamba, kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa kidato cha 5 nchini mwetu walitakiwa kuongeza juu ya masomo yao makuu ama hisabati ndogo ama somo dogo la teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA. Shuleni kwetu kompyuta zilikuwa 14, na zilizokuwa zikiwaka ni 6; wanafunzi walizidi 80, na umeme nao ulikuwa wa kubahatisha. Siku umeme ulipokatika, wanafunzi walinakili maelezo ubaoni: kompyuta ni nini, kibodi ni nini, kipanya ni nini. Walikariri majina ya viungo vya kitu wasichokigusa. Katika mkutano huo mwenzetu mmoja alitoa shauri kwamba somo hili lisimamishwe hadi mashine zitakapopatikana. Wengi waliafiki. Mimi sikutia neno, kwa kuwa nilidhani kwamba halinihusu. Baadaye moyo haukutulia, nikaanza kuuliza na kusoma: je, wako wengine waliopata kufundisha somo hili mikono mitupu? Jibu ni kwamba wako, tena walikuwa wengi sana.

Mtu ambaye jina lake limefungamana na habari hii ni Andrei Ershov. Alizaliwa Moscow mwaka 1931, akahitimu Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1954, akiwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa nchi ile waliofunzwa kazi ya kuandika programu. Mwaka 1958 alichapisha kitabu juu ya programu ya kuzitafsiri programu nyingine kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa BESM, nacho ni kimoja katika vitabu vya awali duniani juu ya jambo hilo. Baadaye alihamia Siberia, katika mji wa wanasayansi uliojengwa karibu na Novosibirsk, na huko ndiko alikofanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake. Yafaa sisi walimu wa lugha tujue jambo jingine pia: bwana huyu alikuwa mpenzi wa fasihi. Alitunga mashairi, na alitafsiri kwa Kirusi mashairi ya Kiingereza, yakiwamo ya Kipling. Naona si ajabu, basi, kwamba alipoitazama kompyuta hakuiona chuma tu, bali aliona pia lugha.

Mwaka 1981, mjini Lausanne nchini Uswisi, palifanyika mkutano wa dunia juu ya kompyuta katika elimu. Hapo Ershov alitoa hotuba aliyoipa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulitafsiri hivi: uandishi wa programu ni kisomo cha pili. Hoja yake ilikuwa ya kihistoria. Zamani kusoma na kuandika kulikuwa kazi ya makarani wachache. Ulipoenea uchapaji wa vitabu, kisomo kikageuka kuwa haja ya kila mtu. Kompyuta nazo, kwa kuenea kwake, zitafanya vivyo hivyo kwa ujuzi wa kupanga kazi hatua kwa hatua na kuieleza bila utata. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu walijifunza kusoma chini ya miembe katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, hatuna shida ya kuuelewa mfano huo. Mwenye kisomo si lazima awe mtunzi wa riwaya. Yatosha kwamba aweza kuandika barua yake mwenyewe bila kumtafuta mwandishi wa kukodi.

Hotuba hiyo haikutoka katika mawazo matupu. Tangu mwaka 1976, kila kiangazi, Ershov na wenzake walikuwa wakiwakusanya watoto wa shule katika kambi ya masomo karibu na Novosibirsk na kuwafundisha kuandika programu. Aliyekuwa nguzo ya kazi hiyo alikuwa mwalimu kijana, Gennady Zvenigorodsky. Huyu alitambua mapema kwamba mtoto anayeanza kupanga hatua za kazi hukwamishwa mara mbili akitakiwa kuzipanga kwa maneno ya kigeni. Kwa hiyo alishiriki kubuni lugha mbili za programu zenye maneno ya Kirusi: Robik kwa wanaoanza, na Rapira kwa waliokwisha piga hatua. Alifariki mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 32 tu, na hakujaliwa kuiona siku ambayo somo alilolipigania liliingia katika shule zote.

Siku hiyo haikukawia. Mwishoni mwa mwezi Machi mwaka 1985, chama tawala na serikali ya Umoja wa Kisovyeti vilitoa amri kwamba vijana wote wa shule za sekondari wafundishwe misingi ya somo hili, na mafundisho yaanze tarehe 1 Septemba mwaka ule ule. Shule ya Kisovyeti wakati huo ilikuwa ya miaka 10, na somo liliwekwa katika darasa la 9 na la 10, yaani miaka miwili ya mwisho. Darasa la 9 lilipangiwa saa 1 kwa juma. Darasa la 10 liliwekewa njia mbili: shule zenye kompyuta, au zilizoweza kwenda kutumia za jirani, zilipewa saa 2 kwa juma, na zisizo nazo zilipewa saa 1. Hebu tulitafakari jambo hili. Muhtasari wenyewe, tangu siku ya kwanza, ulikiri kwamba ziko shule ambazo hazitakuwa na mashine, na haukuziambia zingoje.

Kitabu cha kwanza cha kufundishia kilitoka mwaka 1985 chini ya uhariri wa Ershov na Vadim Monakhov, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 1986. Ndani yake mwanafunzi alifundishwa kwanza maana ya algoriti. Neno hilo lina historia ambayo wasomaji wetu wataipenda. Latokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye asili ya jina lake ni nchi ya Khwarizm, katika Asia ya Kati. Algoriti ni mpango wa hatua zenye mwisho, zilizo wazi kiasi kwamba mtekelezaji aweza kuzifuata bila kuuliza tena aliyezipanga.

Hatua hizo ziliandikwa katika lugha ya masomo iliyobuniwa kwa ajili ya kitabu hicho, nayo maneno yake yote ya msingi yalikuwa ya Kirusi. Mpango ulianza kwa neno nach, kifupisho cha neno lenye maana ya mwanzo, ukaishia kwa kon, kifupisho cha mwisho. Palipo na sharti, mwanafunzi aliandika esli, ambalo ni ikiwa. Na upande wa pili wa sharti akaandika inache, ambalo ni la sivyo. Palipotakiwa kazi irudiwe, aliandika poka, neno ambalo sijaona tafsiri yake bora kuliko maadamu yetu. Hakuna kompyuta iliyohitajika kuandika maneno hayo, wala kuyasoma.

Na kuyatekeleza je? Hapo mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyekuwa kompyuta. Alichora jedwali daftarini, akafuata hatua moja baada ya nyingine, na baada ya kila hatua akaandika thamani mpya ya kila kiasi kilichobadilika. Kama aliruka hatua, jedwali lilimwumbua. Kwa shule zilizokuwa mbali na miji, vipindi vilitangazwa pia katika televisheni, na Ershov mwenyewe alishiriki katika vipindi hivyo. Mwaka 1986 likaanzishwa jarida la walimu wa somo hili, ambamo walibadilishana maarifa na malalamiko.

Malalamiko yalikuwapo, na mwandishi wa historia hana haki ya kuyaficha. Walimu wengi wa kwanza walikuwa wa hisabati na fizikia, waliopewa mafunzo mafupi katika kiangazi cha mwaka 1985, na wengi wao walikuwa hatua chache tu mbele ya wanafunzi. Kompyuta zilizotengenezwa nchini, kama Agat na BK-0010, hazikutosha; nyingine zilinunuliwa Japani, za kampuni ya Yamaha, nazo zilifika katika shule chache. Vijana wengi walimaliza shule wakiwa wameandika programu ambazo hazikupata kuendeshwa hata mara moja. Ukitazama kwa makini utaona upungufu wa njia hiyo. Kompyuta haina huruma wala upendeleo: kosa likiwapo, kazi haiendi. Ubao hauwezi kumsahihisha mtu, na mwalimu ambaye naye anajifunza aweza kuupitisha mpango wenye kosa bila kujua. Ershov hakudai kwamba chaki yatosha. Kwake kufundisha bila mashine kulikuwa njia ya kuvukia tu, na alizidi kudai kompyuta kwa ajili ya shule hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 57.

Msomaji aweza kuuliza: je, haingekuwa bora kungoja mashine kwanza? Ili kulijibu swali hili, natutazame Ufaransa, nchi ambayo wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo waijua zaidi kwa njia ya elimu. Huko jaribio la kwanza lilianza mwaka 1970, na likaendelea hadi mwaka 1976 katika shule za sekondari 58. Wafaransa wa wakati ule walianza na walimu. Waliwachukua walimu wa masomo mbalimbali, wa lugha na historia pamoja na wa hisabati, wakawapa mafunzo ya mwaka mzima. Tena walibuni lugha ya programu iliyoitwa LSE, ambayo maneno yake yalikuwa ya Kifaransa.

Lakini mwaka 1985, mwaka ule ule wa amri ya Moscow, Ufaransa ilishika njia nyingine. Tarehe 25 Januari waziri mkuu Laurent Fabius alitangaza mpango mkubwa wa kupeleka kompyuta 120,000 mashuleni. Safari hii mashine zilitangulia, na walimu walipewa mafunzo ya siku chache wakati wa likizo. Baada ya miaka michache mashine zile zilipitwa na wakati, kwa kuwa hazikuafikiana na kompyuta zilizokuwa zikienea maofisini, na nyingi zikaishia makabatini. Somo la hiari la kompyuta, lililoanza kwa majaribio katika shule za sekondari za juu mwaka 1981, liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, likarudishwa katikati ya miaka hiyo, kisha likaondolewa tena kabla karne haijaisha. Ilichukua hadi mwaka 2019 ndipo somo kamili la sayansi ya kompyuta likaingia katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari ya Ufaransa, na mwaka 2020 ndipo palipofanyika kwa mara ya kwanza mtihani wa kuwaajiri walimu wa somo hilo hasa.

Sisemi kwamba Wafaransa walikosa kwa kununua mashine. Nasema kwamba mashine 120,000 hazikuweza kulilinda somo ambalo halikuwa na walimu wake. Kwa upande wa pili, somo lililoanza kwa chaki lilidumu kuliko dola iliyolianzisha. Umoja wa Kisovyeti ulivunjika mwaka 1991, na somo halikuvunjika. Ile lugha ya masomo ya mwaka 1985 iliingizwa katika programu ya kufundishia iitwayo Kumir, na kwa miaka mingi mitihani ya taifa ya Urusi iliendelea kuitumia, pamoja na lugha nyingine, kutolea mifano. Mashine za Agat ziko katika makumbusho, lakini poka na esli zilibaki madarasani.

Baada ya kuyasoma haya nilimwendea mwenzangu afundishaye TEHAMA, nikamwomba anipe kipindi kimoja cha siku isiyo na umeme. Hakukataa, nadhani alifurahi kupumzika. Niliwaandikia wanafunzi ubaoni methali wanayoijua wote, haba na haba hujaza kibaba, nikawaomba waigeuze kuwa amri za kumpa mtu asiyejua lolote. Baada ya mabishano marefu walipata hatua hizi: mwanzo; chukua kibaba kitupu; maadamu kibaba hakijajaa, tia haba moja; mwisho. Kisha mmoja wao akasimama mbele kuwa mtekelezaji, asiyeruhusiwa kufikiri, bali kutii tu.

Ndipo binti mmoja wa nyuma, ambaye katika vipindi vyangu huwa kimya, akauliza, "Mwalimu, na kama kibaba kimetoboka?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Kibaba kilichotoboka hakijai; na maadamu hakijai, mtekelezaji wetu atatia haba mpaka kiama. Bila kuambiwa na mtu, binti yule alikuwa amegundua kosa ambalo waandishi wa programu duniani hukesha wakilitafuta: kazi inayojirudia bila kikomo. Waliitengeneza upya amri ile kwa kuongeza sharti la pili, kwamba haba zikiisha na kibaba hakijajaa, mtekelezaji asimame na kutoa taarifa. Mwenzangu wa TEHAMA, aliyekuwa amekaa nyuma akisahihisha madaftari, aliweka kalamu chini.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kipindi kimoja si mapinduzi. Mtihani wa taifa haukuuliza juu ya kibaba. Na umeme uliporudi, wanafunzi walikuta kwamba mashine yadai maneno ya Kiingereza. Lakini walipofika katika neno la Kiingereza la kurudia kazi, hawakuhitaji kulikariri, kwa kuwa maana yake walikuwa nayo tayari. Walichojifunza kilikuwa jina jipya la kitu wanachokijua. Somo halikufutwa shuleni kwetu. Katika mkutano uliofuata nilisema neno langu, ingawa kwa kuchelewa, na tukakubaliana kwamba siku zisizo na umeme zisiwe tena siku za kunakili.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu wa Kiswahili. Lugha yetu si maskini kwa kazi hii. Inayo ikiwa na iwapo, inayo la sivyo, inayo maadamu, inayo hadi na mpaka, na kila moja ina mpaka wake wa maana ambao sisi huufundisha kila siku katika sarufi. Kazi ya istilahi nayo ilikwisha anzwa na waliotutangulia: tunalo kompyuta, tunalo tarakilishi, na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kwa Kiswahili programu nzima ya kazi za ofisini. Kinachopungua ni mwalimu wa lugha na mwalimu wa kompyuta kuketi meza moja, kama walivyoketi Wafaransa wa mwaka 1970.

Mwanafunzi anayejua kumpa mwenzake maelekezo ya kufika sokoni bila kumpoteza njia amekwisha anza kisomo cha pili. Yule ambaye insha yake huruka kutoka jambo hadi jambo, asijue lipi litangulie na lipi lifuate, atapata taabu ile ile mbele ya mashine, hata iwe mpya namna gani. Kazi ya kumnyosha ni yetu, na vifaa vyake viko darasani leo. Mashine tuzidi kuzidai, kwa sauti, kama alivyozidai Ershov hadi mwisho wake. Lakini tusiwaambie vijana wa kidato cha 5 na cha 6 wangoje hadi zitakapofika, kwa maana wao hawatakuwa kidato cha 5 mara ya pili.